Namna ya Kusoma Majibu ya Kipimo cha Homa ya Ini B kwa Kukifuata Kirusi Ndani ya Seli

Mtu anayepima homa ya ini aina ya B katika hospitali za Nyanda za Juu Kusini, iwe Mbeya mjini, Iringa, Makambako au Tukuyu, mara nyingi hurudi nyumbani na karatasi yenye vifupisho vitatu au vinne, na mbele ya kila kifupisho neno moja tu: chanya au hasi. Wengine hawakuwa hata na wazo la ugonjwa huo. Walikwenda kuchangia damu, na kwa kuwa damu yote inayokusanywa na Mpango wa Damu Salama hupimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, wakaitwa pembeni na kuelezwa kwamba damu yao haiwezi kutumika.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma karatasi hiyo kwa njia ambayo naiamini kuliko kukariri jedwali. Njia yenyewe ni kufahamu kwanza kirusi hiki hufanya nini ndani ya seli ya ini, kisha kuuliza kila kifupisho kinatoka katika hatua ipi ya maisha yake. Anayekariri jedwali hukwama siku majibu yanapokataa kuingia katika mistari yake, na majibu ya namna hiyo si haba. Uamuzi wa matibabu unabaki kuwa wa daktari, lakini mgonjwa anayejua karatasi yake inasema nini huuliza maswali yenye maana.

Kwanza, ijue familia ya kirusi

Kirusi cha homa ya ini B ni cha familia ya hepadnavirusi, ambayo ni ndogo kwa idadi lakini imeenea kwa wanyama wengi. Wapo ndugu zake wanaoishi katika ini la bata na korongo, wapo wa popo, wa samaki na wa vyura, na wapo wa marmoti, yule mnyama mchimba mashimo wa Amerika Kaskazini aliye wa ukoo mmoja na kindi. Mwaka 2018 wanasayansi wa Australia walitangaza kumpata mwingine katika paka wa kufugwa. Kila mmoja huzoea mnyama wake: kirusi cha bata hakimwambukizi binadamu, na mfugaji wa bata wa Kyela hana sababu ya kuwaogopa wala kuacha kuwala.

Hata hivyo, bata hao wametufundisha mambo mengi. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani Jesse Summers na William Mason, wakifanya kazi na kirusi cha bata, walionyesha kwamba kirusi hiki cha DNA huzaliana kwa kupitia RNA, yaani nakala ya maelekezo yaliyomo katika DNA, kisha huigeuza RNA hiyo kuwa DNA tena. Ugunduzi huo ndio msingi wa dawa zote za vidonge zinazotumika leo, kwa sababu dawa hizo hushambulia hatua hiyo hiyo ya kugeuza.

Jambo moja litenganishwe mapema, kwa kuwa linachanganya watu hata katika vyumba vya kusubiri majibu. Homa ya ini A, C na E husababishwa na virusi vya familia nyingine kabisa, na kinachoviunganisha na B ni kiungo vinachokishambulia tu. Kwa hiyo chanjo ya B haikingi C, na kipimo cha B kikiwa hasi hakisemi lolote kuhusu C. Homa ya ini D ina hali ya peke yake, kwa sababu kirusi chake hakina uwezo wa kujitengenezea ganda la nje na huazima lile la B. Asiye na B hawezi kupata D, na chanjo ya B humkinga mtu dhidi ya zote mbili.

Kifuate kirusi kinapoingia

Kirusi kizima ni duara dogo lenye kipenyo cha nanomita 42 hivi. Nje lina ganda la mafuta lililopandwa protini za aina tatu, zote zikitoka katika jeni moja, na ndani lina ganda la pili la protini ya kiini (kiini cha kirusi chenyewe, si kile cha seli), ambalo hubeba DNA ya kirusi pamoja na polimerasi, kimeng'enya kinachoandika DNA mpya. DNA hiyo ina herufi za kijenetiki zipatazo 3,200 tu. Ni kidogo mno, na kirusi hubana matumizi kwa kuzifanya jeni zake nne zilaliane, hata herufi moja ikawa inatumika katika jeni mbili kwa wakati mmoja.

Kirusi hutambua seli ya ini kwa mlango mmoja maalumu, yaani protini ambayo kazi yake ya kawaida ni kuirudisha chumvi ya nyongo kutoka katika damu. Mlango huo, unaoitwa NTCP, ulitambuliwa mwaka 2012 na timu ya Wenhui Li huko Beijing, na ndio sababu kubwa ya kirusi hiki kukaa katika ini wakati damu inakipitisha mwili mzima.

Kikishaingia, ganda la nje huachwa, na ganda la ndani husafiri hadi kwenye kiini cha seli. DNA iliyoingia si kamili, kwa maana uzi wake mmoja umekatika na mwingine haukumaliziwa. Hapo seli yenyewe, kwa vifaa vyake vya kutengeneza DNA iliyoharibika, huikamilisha na kuifunga ikawa duara lisilo na mwanya, ambalo wataalamu huliandika cccDNA. Msomaji naomba atulie hapa, kwa sababu duara hili ndilo mzizi wa ugonjwa wote. Halijishikizi katika kromosomu za mtu, bali hukaa kando yake ndani ya kiini cha seli, na dawa tulizo nazo sasa haziligusi. Tutalirudia karibu katika kila mstari wa karatasi ya majibu.

Kutoka katika duara hilo seli hunakili RNA za urefu mbalimbali. Zile fupi hutumika kutengeneza protini za ganda la nje na protini ya X, na iliyo ndefu kuliko zote hufanya kazi mbili: hutengeneza protini ya kiini na polimerasi, kisha yenyewe hufungwa ndani ya ganda jipya na kugeuzwa kuwa DNA humo humo. Maganda yenye DNA mpya hupata njia mbili. Mengine huvishwa ganda la nje na kutolewa katika damu, na mengine hurudi kwenye kiini cha seli na kuongeza akiba ya yale maduara.

Polimerasi inayofanya kazi hiyo haina uwezo wa kuhakiki ilichoandika, hivyo makosa hubaki na mabadiliko ya kijenetiki hujitokeza mara kwa mara.

Mambo mengine mawili yanastahili kukumbukwa kabla ya kufika kwenye karatasi. Kwanza, seli iliyoambukizwa hutengeneza protini ya ganda la nje kupita mahitaji yake, na ziada hiyo hutolewa katika damu ikiwa vijiduara na vijiti vyenye upana wa nanomita 22, visivyo na DNA yoyote ndani, kama maganda ya mahindi yasiyo na punje. Maganda hayo matupu huzidi virusi kamili mara 1,000 na hata mara 100,000. Pili, kirusi chenyewe hakiui seli ya ini. Uharibifu hufanywa na kinga ya mwili inapoziwinda seli zilizoambukizwa, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mabilioni ya virusi katika damu huku ini likiwa halijaumia sana, na mwingine mwenye virusi vichache akaumia.

Soma HBsAg, lakini usiishie hapo

HBsAg ni ile protini ya ganda la nje. Baruch Blumberg na wenzake waliitambua katika damu ya Mwaborijini wa Australia, wakaieleza katika makala ya mwaka 1965, na kazi hiyo ilimpatia Blumberg Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kipimo hiki hufanya kazi vizuri kwa sababu ya yale maganda matupu: kinatafuta kitu kilichojaa katika damu.

Katika vituo vingi kipimo hiki hufanywa kwa kipande chembamba chenye alama mbili, C na T. Matone ya damu au seramu huwekwa upande mmoja, yakapanda taratibu kwenye karatasi yakipita juu ya kingamwili (protini za kinga zinazonasa kitu kimoja maalumu) zilizopakwa hapo, na baada ya muda ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi dakika 15, mistari husomwa. Mstari wa C ni lazima uonekane. Usipoonekana, kipimo kimeharibika na majibu hayapo, hata kama T imetokea. Mstari wa T uliofifia ni chanya, wala haumaanishi ugonjwa mdogo. Kipande kilichoachwa mezani hadi kikakauka na kusomwa baadaye kisiaminiwe, kwa kuwa mstari wa uongo unaweza kujitokeza.

HBsAg chanya inasema jambo moja tu, kwamba sasa hivi kuna seli zinazotengeneza protini ya ganda. Haisemi maambukizi ni ya lini, wala kama ini limeumia. Haisemi hata kwamba protini hiyo inatoka kwenye cccDNA, kwa sababu baadhi ya vipande vya DNA ya kirusi hupotea njia na kujishikiza katika kromosomu za mtu, na kutoka humo huendelea kutoa HBsAg kwa miaka. Ndiyo maana mgonjwa anayemeza dawa vizuri anaweza kuwa na virusi visivyopimika kabisa huku HBsAg yake ikibaki chanya. Dawa inafanya kazi yake.

Vilevile, protini iliyomo katika chanjo ndiyo hiyo hiyo HBsAg. Aliyechanjwa siku chache zilizopita anaweza kuonekana chanya bila kuwa na kirusi hata kimoja, kwa hiyo asubiri wiki tatu au nne kabla ya kupimwa.

Kisha linganisha kingamwili mbili

Anti-HBs ni kingamwili dhidi ya ganda la nje, na ndiyo inayokinga. Kiwango cha mIU 10 au zaidi kwa mililita (mIU ni sehemu ya elfu ya yuniti ya kimataifa) huhesabiwa kuwa kinga ya kutosha. Anti-HBc ni kingamwili dhidi ya protini ya kiini. Protini hiyo haimo kabisa katika chanjo, kwa hiyo mwili wa mtu hutengeneza anti-HBc pale tu kirusi chenyewe kilipoingia na kuzaliana, na kingamwili hiyo kwa kawaida hubaki maisha yote.

Aliye na anti-HBs peke yake amekingwa na chanjo. Aliye na anti-HBs pamoja na anti-HBc, huku HBsAg ikiwa hasi, aliwahi kuambukizwa na mwili wake ukashinda. Aliye na HBsAg na anti-HBc bila anti-HBs anaishi na kirusi. Ikiwa yote matatu ni hasi, mtu huyo hajaambukizwa wala hana kinga inayopimika, na kama hajawahi kuchanjwa, jambo la kufanya siku hiyo hiyo ni kuanza chanjo.

Huyo aliyeshinda hukosewa mara nyingi, kwa kuwa huambiwa amepona na habari ikaishia hapo. Amepona kweli, lakini maduara machache ya cccDNA hubaki katika ini lake, yakidhibitiwa na kinga. Siku atakapopewa dawa za saratani au dawa nyingine zinazoshusha kinga kwa nguvu, kirusi kinaweza kuamka na kuliumiza ini vibaya. Karatasi yenye anti-HBc chanya itunzwe na ionyeshwe kwa kila daktari anayeanzisha tiba ya aina hiyo.

Majibu yanayosumbua zaidi ni ya anti-HBc kuwa chanya peke yake. Huenda mtu yumo katika kipindi ambacho HBsAg imekwisha kutoweka na anti-HBs bado haijafikia kiwango cha kupimika. Huenda maambukizi ni ya zamani na anti-HBs imeshuka kwa umri. Huenda HBsAg ipo kidogo mno kiasi cha kipimo kutoiona, au kipimo chenyewe kimekosea. Hapa jedwali halisaidii. Njia ni kurudia vipimo, na inapowezekana kutafuta DNA ya kirusi.

Pima muda

Baada ya maambukizi, HBsAg huanza kuonekana kwa kawaida kati ya siku 30 na 60, kwa hiyo aliyejichoma na sindano jana asitulizwe na kipimo cha leo kilicho hasi. Ikibaki chanya kwa zaidi ya miezi 6, maambukizi huitwa sugu. Umri ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa: watoto wachanga wapatao 9 kati ya 10 wanaoambukizwa hubaki na kirusi, ilhali kwa watu wazima ni chini ya 5 kati ya 100.

Kwa sababu hiyo, kijana wa Mbeya aliyegunduliwa akiwa mzima wa afya siku ya kuchangia damu, ambaye vipimo vyake vya baadaye vinaonyesha hali sugu, yaelekea zaidi aliambukizwa utotoni, kutoka kwa mama au kwa watoto wenzake. Ndoa nyingi huingia katika lawama kwa kutojua jambo hili, na mimi naliona kuwa la haki kulieleza waziwazi kwa mume na mke wakiwa wamekaa pamoja. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika ratiba ya watoto Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, nayo hutolewa ndani ya chanjo ya pamoja katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata.

HBeAg, wingi wa virusi na hali ya ini

HBeAg ni protini inayotoka katika jeni ile ile ya protini ya kiini, lakini hukatwa kwa namna nyingine na kutolewa katika damu bila kuwa sehemu ya kirusi. Ikiwa chanya, kirusi kwa kawaida kinazaliana kwa kasi na mtu anaambukiza kwa urahisi zaidi. Ikiwa hasi, usikimbilie kufurahi. Polimerasi isiyohakiki makosa huzalisha pia virusi vilivyopoteza uwezo wa kutengeneza HBeAg huku vikiendelea kuzaliana vizuri. Anayejua ukweli ni kipimo cha wingi wa virusi, ambacho huhesabu DNA yenyewe kwa yuniti za kimataifa kwa mililita.

Si kila hospitali ina uwezo wa kupima DNA hiyo, lakini ini linaweza kukadiriwa kwa vipimo vya kawaida. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyovuja kutoka kwenye seli za ini zilizojeruhiwa, na chembe sahani za damu hupungua ini linapokuwa na makovu. Chukua AST, igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, zidisha kwa 100, kisha gawa kwa idadi ya chembe sahani katika maelfu kwa kila maikrolita. Mgonjwa mwenye AST ya 80 katika maabara ambayo kikomo chake ni 40, na chembe sahani 160, anapata 2 mara 100, gawa kwa 160, yaani 1.25. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unachukulia alama ya zaidi ya 0.5 kuwa dalili ya makovu yanayostahili dawa, na ya zaidi ya 1 kuwa dalili ya uwezekano wa ini kusinyaa. Mwongozo huo huo unapendekeza pia dawa kwa mtu mzima mwenye wingi wa virusi wa zaidi ya yuniti 2,000 kwa mililita na ALT iliyo juu ya kawaida.

Dawa zenyewe, tenofovir au entecavir, huizuia polimerasi. Maduara ya cccDNA yanabaki, na kwa hiyo vidonge visiachwe kwa uamuzi wa mgonjwa mwenyewe, kwani kirusi hurudi. Jambo hili ni zito kwa mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya, ambayo tafiti za kitaifa zimekuwa zikiiweka juu kwa maambukizi ya VVU. Kidonge cha pamoja kinachotolewa kwenye kliniki za tiba na matunzo kina tenofovir na lamivudini, na zote mbili hufanya kazi dhidi ya homa ya ini B pia. Mwenye virusi vyote viwili akiacha dawa, au akibadilishiwa bila kuangalia homa ya ini, anaweza kupata mlipuko wa ghafla wa ugonjwa wa ini.

Nyumbani, baada ya kusoma

Kirusi hiki hupita katika damu, kujamiiana na kujifungua, na kinaweza kubaki hai juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi. Wembe wa kunyolea, wembe wa chale na mswaki visichangiwe. Sahani, kikombe na kupeana mikono havina hatari, na ni uonevu kumtengea mtu vyombo vyake. Ulanzi na kimpumu ni suala jingine: kuchangia kikombe hakuambukizi, lakini pombe huharakisha makovu ya ini lililokwisha ambukizwa, na mwenye HBsAg chanya ni heri aiache kabisa. Mahindi na karanga zenye ukungu nazo zitupwe, kwa kuwa sumukuvu pamoja na kirusi hiki huongeza hatari ya saratani ya ini kuliko kila kimoja peke yake.

Mama mjamzito mwenye HBsAg chanya apimwe HBeAg au wingi wa virusi. Ikiwa HBeAg ni chanya, au wingi wa virusi umefika yuniti 200,000 kwa mililita, tenofovir katika ujauzito hupunguza hatari ya kumwambukiza mtoto. Mtoto mwenyewe anatakiwa apate chanjo ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kwa hiyo mama aulize kabla ya uchungu ni kituo gani kinayo. Kunyonyesha kunaruhusiwa. Mtoto huyo akamilishe chanjo zake, kisha apimwe HBsAg na anti-HBs akishatimiza miezi 9. Anti-HBc isitumike kumpima katika umri huo, kwa sababu ile ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na inaweza kukaa katika damu ya mtoto hadi miezi 24.